Neno la Kuvukia

Msiniulize nilipita njia gani. Nchi ya Nusunusu haimo kwenye ramani mnayoijua, na ramani niliyopewa kule kule ilikatwa katikati kwa mujibu wa sheria, nusu ya pili ikabaki kwao. Nitasema tu kwamba nilikwenda kikazi, nikakaa siku nne, na nimerudi nikijua machache kuliko niliyokwenda nayo. Nitaeleza niliyoyaona, ingawa mara nyingi nilikuwa naona bila kuelewa.

Kazi yangu ni kusahihisha kamusi. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye chumba chenye feni mbovu nikitafuta nukta zilizopotea, na sioni haya kusema kwamba nimezipata nyingi. Mchapishaji wangu alikuwa akitayarisha toleo jipya, na kulikuwa na neno moja fupi tulilolikopa kwa Waingereza ambalo lilimsumbua kuliko maneno marefu yote: pasi. Umbo lake dogo, mzigo wake mkubwa. Ni chuma cha kunyooshea nguo. Ni mpira uliotoka mguuni kwa mchezaji ukamfikia mwenzake. Ni hati ya kusafiria. Ni kufaulu mtihani. Mchapishaji alitaka kujua neno hili lina maana ngapi hasa, na likiangukia mwisho wa mstari likatwe wapi. Alisikia kwamba huko Nusunusu neno hilo linaheshimiwa kuliko mahali pengine popote, basi akanituma.

Nilipokewa na Karani Mgaza, mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Moja aliandikia mwanzo wa kila neno na nyingine mwisho wake, na kwa hiyo aliandika polepole sana.

"Karibu, ndugu mgeni," aliniambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwaka huu wenyeji tunaumwa kwelikweli."

Nilidhani anatania. Akanichukua kwanza kunitembeza kwenye Nyumba za Maana.

Sheria ya Nusunusu inasema kila maana ya lile neno iwe na nyumba yake, na kila raia awe wa nyumba moja, asiiingilie ya jirani. Tulianza na Nyumba ya Chuma. Watu wake wamenyooshwa nguo mpaka wanaogopa kukaa. Niliwauliza kuhusu hati za kusafiria, wakanitazama kwa huruma, wakasema wamewahi kusikia kwamba kuna watu wanaoamini mambo hayo. Katika Nyumba ya Mpira nilikuta maofisa sita wakirushiana faili moja bila kulifungua. Karani alinong'ona kwamba ndiyo kazi yenyewe, na faili lile halijawahi kuanguka chini tangu enzi za babu yake. Nyumba ya Mtihani haikuturuhusu kuingia kwa kuwa hatukuwa tumefaulu kuingia. Nyumba ya Safari ndiyo kubwa kuliko zote, na watumishi wake hawajawahi kwenda popote.

Mwisho tulifika mahali palipokuwa na mzee mmoja amekaa juani, peke yake, kwenye kiwanja kitupu.

"Hii nayo?" niliuliza.

"Ni nyumba ya wale wanaosema 'pasi na shaka', 'pasi na sababu'," alisema Karani. "Kwao neno maana yake ni bila. Kwa hiyo tumewajengea nyumba pasi na ukuta, pasi na paa, pasi na mlango. Hawajalalamika."

Yule mzee aliniambia amelalamika mara nyingi sana, ila barua zake huwa anaziandika pasi na wino. Sikujua nicheke au nimpe pole, nikampa pole. Kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga.

"Na ni nani aliyeanzisha yote haya?" nilimwuliza Karani tulipokuwa tukiteremka mtoni.

Akanisimulia, na alisimulia kama mtu anayesoma cheti cha kuzaliwa. Zamani alikuja Mwingereza mpima ardhi akajenga daraja. Lilipokwisha alisimama mwanzo wa daraja, na kila mtu alipofika, Mwingereza alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akamwambia neno moja: pasi. Mtu akavuka. Yeye hakujua lugha yao na wao hawakujua yake, kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa neno lao pekee la pamoja. Kisha Mwingereza akashikwa na homa akafa. Watu walikusanyika darajani wakangoja, na kwa siku saba hakuvuka mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kusema. Siku ya nane watumishi wake wawili, mpishi na mbeba hema, walijitokeza wakasema neno hilo ni urithi wao. Na kwa kuwa walikuwa wawili na neno moja, wakaligawana. Mpishi alichukua nusu ya mbele, mbeba hema akachukua ya nyuma.

Tangu hapo, anayetaka kuvuka husimama kwenye mstari wa chokaa. Mrithi wa mpishi husema "pa". Hufuata kimya. Kisha mrithi wa mbeba hema humalizia "si". Kile kimya cha katikati kimetungiwa sheria yenye vifungu kumi na moja. Kikiwa kifupi mno, mvukaji huhesabiwa ametoroka. Kikiwa kirefu mno, nusu ya kwanza huchacha na ni lazima isemwe upya.

"Na siku hizi warithi ni nani?"

"Wa mbele ni Mzee Shekue. Wa nyuma ni Mzee Mbaruku. Ila juzi, saa sita mchana, wamekosana. Tangu hapo hajavuka mtu."

Nilipouliza wamekosana nini, Karani alitoa kitabu kwenye mkoba wake. Nilikitambua kabla hajakifungua. Lilikuwa toleo letu la zamani, jalada la bluu, kona imeliwa na mende. Akanionyesha ukurasa, na chini ya lile neno palikuwa na mstari mmoja: asili yake ni neno la Kiingereza lenye silabi moja.

Mstari ule niliuongeza mimi. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka tu msomaji ajue kwamba aliyesahihisha kitabu hiki ni mtu anayejua mambo. Uso uliniwaka kwa aibu, nikajifanya natafuta miwani.

"Kitabu hiki kilitufikia mwezi huu," aliendelea Karani. "Mzee Shekue akasomewa. Akasema, kama neno ni silabi moja basi halikuwahi kukatwa, na ile 'si' ni mkia tu uliobandikwa na ndimi zetu zisizopenda kufunga. Kwa hiyo neno lote ni lake. Mzee Mbaruku naye akasema, kama ni silabi moja, basi uhai wake uko pale linapomalizikia, na pale ni kwake. Akaapa hatatoa nusu yake mpaka aombwe radhi. Tangu agome hawezi hata kusema 'sitaki', maana inaanza na mali yake. Anatikisa kichwa tu."

Mto wenyewe haukuwa mpana. Mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanamwitikia. Daraja lilikuwa la mbao, kama hatua tisini hivi, na mwanzo wake walikaa wazee wawili kwenye vigoda, wamepeana visogo. Nyuma ya mstari wa chokaa palikuwa na foleni ya watu kama arobaini. Wengine walikuwa wamelala, wengine wanasuka nywele. Wa nne kutoka mbele alikuwa mwanamke kijana aliyekaa wima, na kanga yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili.

Aliitwa Mwantumu. Nilimsalimu, akaniamkia, "Shikamoo, baba," kisha akarudisha macho ng'ambo. Nilifuata macho yake. Mwisho wa daraja alisimama mwanamke wa makamo, na mgongoni alikuwa amebeba mtoto.

"Yule ni mama mkwe wangu, Bi Mashavu," alisema. "Na yule ni mwanangu, Mboni. Ana miezi mitano. Juzi asubuhi nilikuja kumpa pole shangazi yangu, amefiwa. Nilisema saa sita nitakuwa nimerudi. Nikafika hapa, wa kwanza akavuka, wa pili akavuka, na mimi nilikuwa karibu kabisa. Ndipo wakakosana."

"Na mtoto anakula nini?"

"Uji anautema. Maziwa ya ng'ombe anayatema. Anakubali maji ya kijiko tu." Alijifunika kifua kwa mkono. "Juzi alilia, jana alilia, sauti ikakauka. Leo tangu asubuhi hajalia. Bora angelia, baba."

Mimi si mtu wa watoto. Sikujaliwa, na nimezoea kusema sikujali. Lakini nilitazama lile furushi dogo lililoning'inia mgongoni kwa bibi yake, kichwa kimelala upande. Nilitazama daraja. Hapakuwa na lango. Hapakuwa na kamba, wala askari, wala hata mbwa. Palikuwa na mstari wa chokaa ambao mbuzi walikuwa wakiuruka wakienda na kurudi.

"Sasa kinachokuzuia nini?" nilimwuliza. "Si uvuke tu, binti yangu?"

Foleni nzima ilicheka. Hawakunicheka kwa ubaya. Walinicheka kama anavyochekwa mgeni aliyevaa kanzu mbele nyuma. Mwanaume aliyekuwa wa tano alinieleza kwa upole kwamba kuvuka si miguu. Anayekwenda upande wa pili bila neno amekwenda, ila hajavuka. Na ambaye hajavuka hayuko kule. Haamkiwi, hauziwi chumvi, hajibiwi.

"Mjomba wangu alijaribu," alisema. "Alikwenda bila kusemewa. Akaishi kule miaka kumi na tisa, nyumbani kwake mwenyewe, na mkewe akimlilia kwamba yuko foleni. Alipokufa hawakumzika, maana watamzika nani, naye yuko upande huu? Mpaka leo jina lake linaitwa hapa kila Ijumaa."

"Na mwili wake?"

"Mwili upi?" aliniuliza, na aliuliza kwa dhati.



Saa nane baraza lilikutana kwenye banda lililo kando ya daraja, wawakilishi wa nyumba zote wakiwa wameketi, wote wameweka kiganja chini ya kidevu. Nilidhani wamechoka. Kumbe ndivyo wanavyohesabu silabi: unatamka neno, na kila kidevu kinapogusa kiganja unahesabu moja. Walikuwa wameshatamka neno lile mara mia nne tangu asubuhi. Videvu vya Nyumba ya Safari vilikuwa vimegusa mara mbili kwa kila neno. Videvu vya Nyumba ya Mtihani viligusa mara moja na nusu, na walikuwa wakidai alama za nyongeza.

Mwantumu aliingia akiwa na chupa mkononi. Alikuwa ameyakamua maziwa yake.

"Waheshimiwa, sina maneno mengi," alisema. "Kama mimi siwezi kwenda, basi yaende haya. Mtu ayapeleke, au yarushwe, vyovyote mtakavyoona."

Nilidhani hapo hapana la kujadili. Nilikosea sana. Mwakilishi wa Nyumba ya Safari alisema maziwa yakitoka upande mmoja kwenda mwingine yanasafiri, na kisafiricho kina hati. Wa Nyumba ya Mpira akasimama akasema hapana, chupa ikitoka mkono huu ikadakwa na mkono ule bila mguu kugusa daraja, hiyo ni pasi yao tangu dunia iumbwe. Wa Nyumba ya Chuma aliigusa chupa, akasema ina joto, na chochote chenye joto hakiwezi kuamuliwa bila wao kushirikishwa. Wa Mtihani alitaka kujua maziwa yamepata ngapi. Yule mzee wa kiwanja kitupu alinyoosha mkono kwa muda mrefu, na aliporuhusiwa alisema jambo moja tu: "Yapelekeni pasi na pasi." Walimwandikia karipio.

Mjadala ulichukua saa moja na nusu. Mwantumu alibaki amesimama, chupa ameikumbatia. Mara moja mwakilishi wa Safari alimwambia apunguze wasiwasi, suala lake linafanyiwa kazi. Akajibu bila kuinua sauti, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mheshimiwa." Hakuna aliyeiandika.

Hatimaye ikaamuliwa kwa wingi wa kura kwamba maziwa ni ya Nyumba ya Mpira na yanaweza kurushwa mara moja, mradi tu, kama ilivyo kwa kila kitu kinachopita darajani, wazee wawili waseme nusu zao. Watu wote waligeuka kuwatazama. Mzee Shekue alisema "pa" papo hapo, kwa sauti nene, ili aonekane mwema. Mzee Mbaruku akatazama juu. Kimya kikazidi vifungu vyote kumi na moja. Na kwa joto lile maziwa yenyewe yalikuwa yameshaharibika. Mwantumu aliinusa chupa, akaimwaga kando ya banda, akarudi mahali pake.

Ndipo Karani Mgaza alipowaambia kwamba aliyeandika ule mstari wa kamusi yupo barazani. Alikuwa amejua muda wote. Nilisimamishwa.

"Mgeni," alisema Mzee Shekue, "wewe ni mtu wa vitabu. Silabi moja, au mbili?"

Ningeweza kudanganya. Kama ningesema mbili, pengine Mzee Mbaruku angefungua kinywa na yule mama angevuka. Lakini nilijiona niko kazini, na mtu wa kazi yangu husema kilicho sahihi. Niliinua kidole, Mungu anisamehe, nikasema: "Kinywani mwa Mwingereza ni moja. Kinywani mwetu ni mbili. Nyote mna haki."

Mtu akasema, "Moja kwao, mbili kwetu. Jumla tatu!"

Banda lililipuka. Tatu! Kwa hiyo kuna silabi ya tatu ambayo haijapata mrithi! Nyumba ya Safari ilidai ni yake. Ya Chuma ilipendekeza jina la mtu. Kukateuliwa kamati ya kuitafuta silabi yenyewe, na kamati ndogo ya kuamua ikipatikana itawekwa mbele, katikati au nyuma. Wazee wawili, ambao walikuwa hawajatazamana tangu juzi, walitazamana kwa hofu. Nilijaribu kupiga kelele kwamba sikumaanisha hivyo. Hakuna aliyenisikia. Nilitaka kulia, na nasema wazi kwamba nililia kidogo.

Katikati ya kelele zile nilimwona Mwantumu anainuka. Hakuaga mtu. Aliuruka mstari wa chokaa, akaanza kutembea darajani, hatua za kawaida.

Kelele zilikatika kama zimefungwa bomba. Halafu, kwa pamoja, watu wote waligeuka wakaupa mto mgongo: foleni, baraza, wazee, Karani. Baadaye nilielezwa kwamba anayekwenda bila kusemewa hatazamwi. Wakati ule sikujua, nikabaki nimeelekea mtoni peke yangu, nchi nzima imeelekea upande mwingine.

Mwantumu alifika mwisho wa daraja. Bi Mashavu alikuwa ameshamshusha mtoto mgongoni, amempakata. Sauti zao zilivuka maji bila shida.

"Mama, nipe mwanangu."

Bi Mashavu hakumtazama. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha mkwewe yakatua kwetu. Alisema kwa sauti kubwa, "Mkwe wangu yuko kule, masikini. Namwona pale, wa nne kutoka mbele. Mungu amfanyie wepesi."

"Mama."

"Nitampa nani mtoto, na mama yake yuko ng'ambo?" Alisimama hivyo kwa muda, mtoto mikononi, na Mwantumu mbele yake kwa umbali wa mkono. Nilishika nguzo ya banda. Nilikuwa nimeshakata tamaa na watu wote wa dunia hii.

Kisha Bi Mashavu akasema, bado akitazama kwetu, "Mikono imeniuma. Huyu mtoto mzito. Nitamweka chini kidogo nipumzike." Akavua kanga yake ya juu, akaitandika kwenye mbao za daraja, akaikunjua pembe zote nne taratibu. Akamlaza mtoto juu yake. "Kaa hapo, mama, bibi yako anapumua," akamwambia, akageuka akatupa mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mwantumu alikaa chini akamchukua. Mwanzoni mtoto hakuweza kushika titi. Nilimwona mama yake anamdondoshea maziwa midomoni, tone kwa tone, anamsemesha. Ilichukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu tukasikia kilio, chembamba, cha hasira, kikakatika ghafla kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Mwanamke mmoja kwenye foleni alisema "Alhamdulillahi," kisha akatazama chini akajifanya amekohoa. Hata Mzee Mbaruku alitoa pumzi iliyosikika.

"Ndugu mgeni," alisema Karani Mgaza akiwa ameelekea ukutani, kalamu zote mbili mkononi. "Kumbukumbu ya baraza inahitaji mtu aliyeelekea huko. Unaona nini?"

"Naona mtoto amelazwa kwenye kanga," nilisema. "Ametulia."

"Kuna mtu naye?"

Miaka ishirini na sita sijaacha kosa likapita nikiwa naliona. "Hakuna mtu," nilisema.

Aliandika, nusu kwa kalamu hii na nusu kwa ile.

Nilifurahi. Nasema kweli nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kazini. Nilijua sasa atamfunga mtoto mgongoni aende zake nyumbani, na baraza lao na silabi zao tatu wabaki wakipambana nazo. Nikaanza kuwaza barua nitakayomwandikia mchapishaji.

Mwantumu alimpangusa mtoto mdomo. Akamweka begani acheue, akampapasa mgongo. Kisha akamlaza tena juu ya kanga, akamfunika miguu, akainuka, akarudi darajani, hatua tisini zile zile, akauruka mstari wa chokaa na kumwomba wa tano asogee kidogo. Akakaa. Nyuma yake Bi Mashavu aligeuka, akamwinua mjukuu, akasema kwa sauti kwamba mikono imepona. Watu wakageuka. Baraza likaendelea na kamati ya silabi ya tatu.

Nilimkimbilia. Nadhani nilikuwa nikipiga kelele.

"Umerudi kufanya nini?"

"Kungoja, baba."

"Kungoja nini? Umeshavuka! Nimekuona kwa macho yangu!"

"Nimekwenda tu," alisema kwa subira, kama anayemweleza mtoto. "Sijavuka. Nikibaki kule nani atanipokea? Mume wangu atanipita uani bila kuniona. Mboni atakua akiambiwa mama yako yuko foleni. Mtoto ataniita halafu wamkataze, wamwambie hapo hapana mtu. Siwezi. Hapa nina nafasi yangu, wa nne. Wakipatana, nitavuka kama watu."

"Na mtoto akisikia njaa tena?"

"Ikifika magharibi atasikia. Nitakwenda."

Na alikwenda. Nilikaa siku tatu zaidi, nikitafuta mtu wa kuzungumza naye akili za kawaida, nami mwenyewe nikianza kutilia shaka zangu. Kila mara mikono ya Bi Mashavu ilipouma, kanga ilitandikwa na nchi nzima iligeuka. Siku ya pili baraza lilikuwa limeshaiweka saa hiyo kwenye ratiba kama mapumziko. Nilimwendea Mzee Mbaruku nikamwomba radhi kwa ule mstari wangu, nikamwambia nitaufuta kwenye toleo jipya. Alinitikisia kichwa kwa adabu. Nilimwendea Mzee Shekue, akasema kilichochapwa hakifutiki, na hata hivyo sasa tatizo ni silabi ya tatu, ambayo nimeileta mimi.

Asubuhi ya nne nilikwenda darajani kuaga. Mwantumu alikuwa ndiyo kwanza anatoka ng'ambo, amekaa mahali pake anafunga vizuri kanga, na begani alikuwa na maziwa aliyocheua mtoto, mabichi bado. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ukifika kwenu, baba, niombee dua," alisema, na machozi yakamtoka. "Waombee wazee wapatane. Leo siku ya sita sijamtia mwanangu machoni."